Mtambo wa Nyuklia Ukizimwa, Majirani Wana Sauti Gani?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi hatua za kufunga kabisa na kuvunja mtambo wa umeme wa nyuklia, na mwishoni tukataja, kwa sentensi moja tu, kwamba katika nchi kadhaa kazi hiyo hufuatiliwa na bodi za ushauri za wananchi wanaoishi jirani na mtambo. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi. Leo tunajibu sita kati yake, na kwa kuwa zote zinagusa jambo moja, tumeziacha zifuatane jinsi hoja zinavyoitana.

Ndugu Mhariri, nilidhani hatari ya mtambo wa nyuklia ipo pale unapofanya kazi. Ukishazimwa, wananchi wanahitaji bodi ya nini?

Ndugu msomaji, kuzima kinu ni jambo la siku moja, lakini kuvunja mtambo ni kazi ya miaka mingi, na kwa kanuni za Marekani inaruhusiwa kuchukua hadi miaka 60 tangu siku uzalishaji ulipokoma. Siku hiyo fueli iliyotumika bado ina joto na mionzi mikali, kwa hiyo huhamishiwa katika bwawa la maji na kukaa humo miaka kadhaa kabla ya kuingizwa katika makasha makavu ya chuma na zege. Mabomba, pampu, na zege iliyokizunguka kinu navyo vimeshika mionzi, na pengine udongo na maji yaliyo chini ya ardhi pia.

Mwenye leseni, yaani kampuni iliyopewa kibali cha kuumiliki na kuuendesha mtambo, anaweza kuanza kubomoa mapema, au anaweza kuuacha mtambo ukiwa umefungwa na kulindwa kwa miongo kadhaa ili mionzi ipungue yenyewe. Kusubiri kuna sababu yake ya kisayansi. Kobalti-60, ambayo ni miongoni mwa vitu vyenye mionzi vinavyowasumbua sana wafanyakazi wa ubomoaji, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, hivi kwamba baada ya miaka 50 hubaki chini ya sehemu moja kati ya mia saba ya kiasi cha awali. Lakini kusubiri kuna gharama yake pia, kwa maana wafanyakazi walioujua mtambo kwa mikono yao watakuwa wamestaafu au wamefariki, ardhi itakuwa imekaa bila matumizi, na mji uliotegemea kodi ya mtambo utakuwa umesubiri kizazi kizima bila kujua hatima ya eneo lake. Fizikia peke yake haiwezi kuamua kati ya njia hizo mbili, kwa kuwa upande mwingine wa hesabu ni maisha ya watu.

Tena kuna jambo la utaratibu ambalo wengi hawalifahamu. Nchini Marekani mwenye leseni hupaswa kuwasilisha, si zaidi ya miaka 2 baada ya kuzima, ripoti inayoeleza kazi atakazofanya, ratiba yake na makadirio ya gharama. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia huichapisha ripoti hiyo, hupokea maoni na huitisha mkutano wa hadhara karibu na mtambo. Hata hivyo haiipitishi kwa idhini rasmi. Siku 90 baada ya tume kuipokea, ikiwa haijatoa pingamizi, kazi kubwa za uvunjaji zinaweza kuanza. Baada ya hapo inaweza kupita miaka mingi kabla ya mkutano mwingine wa lazima, ambao hufanyika mwenye leseni anapowasilisha mpango wa kuhitimisha leseni. Katika kipindi hicho chote malori yatapita, kuta zitaanguka, maji yatahitaji kuondolewa, na eneo la maandalizi ya dharura, ambalo wakati wa uzalishaji hufika takriban kilomita 16 kutoka kwenye mtambo, huombewa kupunguzwa hadi ndani ya uzio. Bodi ya ushauri huwekwa ili kuuziba mwanya huo mrefu.

Je, si kweli kwamba bodi hizi ni kiini macho? Zinashauri, lakini kampuni na serikali ndizo zinazoamua.

Barua hii imeandikwa kwa hasira, nami naiheshimu hasira hiyo kwa sababu msingi wake ni wa kweli. Hakuna bodi ya ushauri ninayoifahamu yenye uwezo wa kusimamisha uvunjaji wa mtambo kwa kura yake yenyewe. Nchini Marekani sheria ya shirikisho hailazimishi hata kuundwa kwake. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu uvumbuzi na uboreshaji wa nishati ya nyuklia iliitaka tume ya udhibiti ikusanye uzoefu wa bodi hizo na kuliarifu Bunge juu ya njia bora za kuziunda na kuziendesha. Tume ilifanya mikutano na jamii zilizo jirani na mitambo na kuandika ripoti yake, ila kuunda bodi kumebaki kuwa hiari. Katika Vermont na Massachusetts majopo ya wananchi yamewekwa na sheria za majimbo. Kwingineko, kama katika mitambo ya Maine Yankee na San Onofre, ni kampuni zenyewe zilizoyaunda.

Nikisema hivyo, sikubali kwamba kisichoamua hakina nguvu. Naomba tuangalie mambo matatu yaliyotokea, kwa sababu kila moja linaonyesha nguvu ya aina tofauti.

La kwanza ni la San Onofre, kwenye pwani ya California, ambako vinu viwili vya mwisho vilitangazwa mwaka 2013 kuwa havitawashwa tena. Jopo la ushirikishwaji wa jamii liliundwa mwaka 2014, na kwa kuwa muundaji ni kampuni, wapo waliolitilia shaka tangu mwanzo. Tarehe 3 Agosti 2018 wafanyakazi walikuwa wakishusha kasha la fueli iliyotumika katika shimo lake la kuhifadhiwa. Kasha lilinasa juu ya ukingo wa ndani, kamba za kulishikilia zikalegea, na walioshusha wakaamini limefika chini, ilhali lilikuwa limekaa pale juu bila kushikiliwa na kitu kingine, likiwa katika hatari ya kuanguka takriban mita 5 na nusu. Hatimaye liligunduliwa na kushushwa salama. Siku sita baadaye, katika mkutano wa jopo, mfanyakazi mmoja alisimama katika muda uliotengwa kwa maoni ya umma akalieleza tukio hilo mbele ya watu wote. Kazi ya kuhamisha makasha ilisimama kwa karibu mwaka mzima, mdhibiti akafanya ukaguzi maalumu, na mwaka 2019 kampuni ikatozwa faini ya Dola za Marekani 116,000. Jopo halikupiga kura yoyote katika hilo. Kilichofaa ni kwamba palikuwa na mahali, tarehe na kipaza sauti vilivyojulikana, na kwamba mtu mwenye ukweli mzito alijua aupeleke wapi.

La pili ni la Maine Yankee, katika mji wa Wiscasset, jimbo la Maine. Mtambo huo uliamuliwa kufungwa mwaka 1997, na jopo la ushauri likaanza kazi mwaka huo huo, tangu mipango ilipokuwa bado haijakauka wino. Kampuni ilipendekeza zege iliyobomolewa na kusafishwa ivunjwe vipande na kufukiwa katika misingi ya majengo pale pale. Kwa mujibu wa kanuni za shirikisho, ardhi inaweza kuachiwa kwa matumizi yoyote ikiwa mtu atakayekaa hapo hatapokea mionzi ya mabaki inayozidi milisiveti 0.25 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi anayoipokea mtu), na kwa kipimo hicho pendekezo lilikuwa na hoja. Wakazi wengi hawakulitaka. Mabishano yaliendelea katika mikutano ya jopo na nje yake, yakafika katika bunge la jimbo, na mwaka 2000 Maine ikapitisha sheria yenye kipimo kikali zaidi, yaani milisiveti 0.10 kwa mwaka kwa njia zote ambazo mionzi humfikia mtu, ambayo kati yake maji ya ardhini yasichangie zaidi ya 0.04. Zege ikasafirishwa nje ya eneo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kampuni haikushindwa vita. Ilipata kitu ilichokihitaji sana, yaani makubaliano yaliyoiwezesha kumaliza kazi mwaka 2005 bila kuvutana na majirani mpaka siku ya mwisho.

La tatu halihusu mtambo wa umeme, bali kiwanda cha silaha cha Rocky Flats karibu na Denver, lakini ni ndugu wa karibu wa suala letu na linafundisha zaidi ya mengine. Mwaka 1996 serikali ilitangaza kiwango cha muda cha plutoniamu, kitu chenye mionzi kinachotumika katika silaha za nyuklia, ambacho kikipitwa katika udongo, ndipo hatua ya usafishaji ichukuliwe, nacho kilikuwa pikokyuri 651 kwa gramu (pikokyuri ni kipimo kidogo sana cha mionzi). Wananchi walidai hesabu hizo zipitiwe upya na wataalamu wasiofungamana na serikali wala mkandarasi, na wakapewa fedha za kufanya hivyo. Wataalamu hao walipendekeza kiwango cha 35. Mwaka 2003 kiwango cha mwisho kwa udongo wa juu kikawekwa kuwa 50. Mapatano hayo yalikuwa na upande wake mchungu, kwa sababu usafishaji wa kina cha chini ulilegezwa ili fedha zitoshe kusafisha udongo wa juu, na wapo wasioridhika nao hadi leo. Lakini kutoka 651 hadi 50 ni umbali mkubwa, na safari hiyo ilianza na raia waliokataa kuambiwa kwamba hesabu ni za wataalamu peke yao.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye hasira, bodi inayokutana mara nne kwa mwaka kutazama picha zinazooneshwa ukutani na kupongezana ni kiini macho kweli. Bodi inayopata nyaraka mapema, yenye mtaalamu wake, na inayofanya mikutano yake wazi, ni kitu kingine kabisa. Ukizipa jina moja unawasaidia wale wanaopenda ile ya kwanza.

Nimealikwa kujiunga na bodi ya namna hii kama mwakilishi wa wakazi. Mimi si mhandisi. Nikubali? Na niulize nini kabla ya kukubali?

Kubali, lakini uliza kwanza.

Kutokuwa mhandisi si kasoro. Wahandisi watakuwapo tele upande wa pili wa meza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe ndiye unayejua ni barabara ipi hupitiwa na watoto wa shule, ni kisima gani bado kinatumiwa ingawa ramani haikioneshi, na ni wazee gani waliofanya kazi ndani ya mtambo miaka ya mwanzo na wanakumbuka palipomwagika kitu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Kanuni za Marekani humtaka mwenye leseni atunze kumbukumbu za kila umwagikaji unaoweza kuathiri uvunjaji, lakini kumbukumbu huandikwa na watu, na watu husahau, na mitambo mingi ilijengwa wakati ambapo uandikaji haukuwa makini kama sasa.

Kabla ya kukubali, omba kuonyeshwa hati ya kuanzishwa kwa bodi na uisome mstari kwa mstari. Angalia ni nani anayemteua mwenyekiti na ni nani anayeweza kumwondoa. Angalia kama ajenda hupangwa na bodi au huletwa na kampuni ikiwa tayari. Kisha uliza kama bodi ina fungu lake la kumlipa mtaalamu wa nje, na kama kampuni ina wajibu wa kujibu maswali ya bodi kwa maandishi ndani ya muda maalumu. Kwangu mimi haya mawili ya mwisho ndiyo roho ya jambo zima. Jibu la mdomo, hata likitolewa kwa nia njema, hupotea pamoja na aliyelitoa akihamishwa. Swali lililoandikwa likajibiwa kwa maandishi hukaa mezani miaka kumi, na mwenye leseni mpya akija atalikuta.

Angalia pia ni nani waliokaa katika viti. Ufaransa inafaa kuigwa katika hili. Tume za habari za mitaa, ambazo zilianza kwa waraka wa serikali wa mwaka 1981 na kupewa nguvu ya sheria mwaka 2006, zina wajumbe kutoka makundi manne, nayo ni viongozi wa kuchaguliwa, vyama vya mazingira, vyama vya wafanyakazi, na watu wenye utaalamu pamoja na wawakilishi wa shughuli za uchumi. Mwendeshaji wa mtambo huhudhuria na kusema, lakini hana kura. Tume inaweza kuagiza vipimo na uchunguzi wake yenyewe. Huko Fessenheim, karibu na mpaka, mtambo ambao vinu vyake viwili vilizimwa Februari na Juni 2020, tume ina wajumbe kutoka Ujerumani na Uswisi pia, kwa kuwa mto na upepo havisimami mpakani. Sheria ya Vermont nayo iliwapa viti wawakilishi wa serikali ya jimbo, wa kampuni, wa wafanyakazi na wa raia, wakiwamo watu wa majimbo jirani.

Kama bodi uliyoalikwa haina hata mjumbe mmoja aliyewahi kuupinga mtambo hadharani, liseme hilo katika mkutano wa kwanza. Mpinzani mwenye kiti husoma nyaraka kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Akinyimwa kiti, atasimama mlangoni, na watu watamwamini yeye zaidi ya bodi, na watakuwa na haki ya kufanya hivyo. Nasema vivyo hivyo kuhusu wafanyakazi wa mtambo. Uvunjaji huwapunguza kutoka mamia hadi makumi, nao ndio walio karibu kuliko wote na mionzi ya kila siku, lakini mara nyingi huachwa nje kwa hofu kwamba watailinda kampuni. Kumbuka ni nani aliyesimama San Onofre.

Je, bodi inaweza kuzuia maji ya mtambo yasimwagwe baharini?

Yenyewe, hapana. Lakini mfano wa Pilgrim, katika mji wa Plymouth, Massachusetts, unastahili kufuatiliwa kwa makini.

Mtambo huo ulizimwa tarehe 31 Mei 2019. Ndani yake, katika bwawa la fueli na mifumo mingine, kulikuwa na maji yanayokadiriwa kuwa galoni milioni 1.1, yaani lita zaidi ya milioni 4. Kampuni ya Holtec, inayouvunja, ilieleza kwamba miongoni mwa njia za kuyaondoa ni kuyasafisha na kuyamwaga katika Ghuba ya Cape Cod. Maji ya aina hiyo yanaweza kuchujwa vitu vingi, lakini tritiamu haichujiki kwa njia za kawaida, kwa sababu ni haidrojeni yenyewe katika umbo lenye mionzi, na imekwisha kuwa sehemu ya maji. Hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kampuni ilisema kiwango kingekuwa ndani ya mipaka inayoruhusiwa, na ni kweli kwamba mitambo mingi duniani humwaga maji yenye tritiamu inapofanya kazi. Wavuvi na wafugaji wa chaza walijibu kwamba mnunuzi wa chaza hasomi jedwali la milisiveti.

Jopo la wananchi lilikuwa mahali ambapo pande hizo zilikutana hadharani mwezi baada ya mwezi, na ambapo njia nyingine, kama kuyasafirisha, kuyavukiza au kuyahifadhi, zilidaiwa kuelezwa. Julai 2024 idara ya mazingira ya jimbo ilikataa kurekebisha kibali ili maji hayo yamwagwe, ikitegemea sheria ya jimbo inayolinda maeneo ya bahari. Sidai kwamba jopo ndilo lililozuia. Aliyezuia ni mwenye mamlaka ya kibali. Ila bodi yenye busara hujua mapema kila kibali kiko mikononi mwa nani. Marekani, usalama wa mionzi uko chini ya serikali ya shirikisho, na jimbo likijaribu kuuingilia moja kwa moja hujikuta mahakamani. Majimbo yana mamlaka katika mambo mengine, kama ubora wa maji, matumizi ya ardhi, kemikali zisizo na mionzi, na wakati mwingine masharti ya kuuziana mtambo. Ushauri uliopelekwa kwa asiye na kibali, hata ukiwa mzuri namna gani, umepotea njia.

Kampuni iliyokuwa ikizalisha umeme imeuuza mtambo kwa kampuni nyingine iuvunje. Je, fedha zikiisha kabla ya kazi kwisha?

Mtindo huu umeenea Marekani. Mtambo wa Zion, Illinois, ulikabidhiwa mwaka 2010 kwa kampuni ya kuuvunja ambayo ilitakiwa kurudisha leseni baadaye, na Vermont Yankee uliuzwa moja kwa moja Januari 2019. Faida yake ni kwamba mvunjaji mzoefu hufanya kazi mapema na haraka. Hofu yake umeieleza mwenyewe. Mvunjaji hana umeme wa kuuza, hivyo anategemea mfuko wa amana uliochangiwa na wateja wa umeme kwa miaka mingi, na kinachobaki baada ya kazi mara nyingi ndicho faida yake.

Jambo ambalo bodi inapaswa kulishika ni hili. Kiwango cha chini kinachodaiwa na mdhibiti wa shirikisho huhesabu gharama za kuondoa mionzi peke yake. Kutunza fueli iliyotumika na kubomoa majengo yasiyo na mionzi ili ardhi irudi kuwa uwanja ni gharama nyingine. Mtu akisimama mbele yenu na kusema mfuko unatosha, mwulizeni unatosha kufanya nini. Mtambo ukishazimwa, mwenye leseni hutoa kila mwaka ripoti ya hali ya mfuko, kiasi kilichotumika na kiasi kilichobaki. Ripoti hiyo ni ya wazi. Naamini bodi isiyoiweka katika ajenda yake kila mwaka, na kuilinganisha na ya mwaka uliotangulia huku ikiuliza kila pengo, imeacha kazi yake muhimu kuliko zote. Si lazima muwe wahasibu. Kulinganisha makadirio ya awali na matumizi halisi ni kazi ambayo mtunza fedha wa kikundi chochote cha akiba anaiweza.

Kuna na upande mwingine wa fedha, ambao mdhibiti wa nyuklia hauhesabu kabisa kuwa kazi yake, yaani mapato ya mji. Mtambo unapozimwa, thamani yake ya kutozwa kodi huporomoka, na shule, zimamoto na barabara hubaki na mahitaji yale yale. Mji wa Zion ulipata pigo hilo baada ya mtambo kufungwa mwaka 1998. Bodi zinazofikiri mionzi tu hulifikia jambo hili zikiwa zimechelewa, wakati mazungumzo ya kupunguza kodi hatua kwa hatua hufaulu zaidi yakifanyika kabla ya kuzima.

Bodi ya ushauri ivunjwe lini?

Wengi hujibu kwamba ivunjwe mtambo unapokwisha kuvunjwa. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama fueli ingekuwa imeondoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 iliahidi kwamba serikali ingeanza kuichukua fueli iliyotumika kutoka kwa wenye mitambo kabla ya tarehe 31 Januari 1998. Tarehe hiyo ilipita, ghala la kudumu halikufunguliwa, na serikali imekuwa ikilipa fidia ya mabilioni ya dola kwa kukiuka mikataba, huku fueli ikibaki palepale ilipotumika. Hakuna bodi ya mji iwezayo kuitatua hali hiyo, na bodi isiwaahidi majirani kwamba itaitatua.

Inachoweza kufanya ni kuendelea kuwapo. Huko Wiscasset jengo la kinu lilibomolewa mwaka 2004, na usafishaji ukakamilika mwaka 2005. Jopo la ushauri lilibadilishiwa kazi, nalo sasa linafuatilia uhifadhi na uondoaji wa fueli. Katika eneo hilo yapo makasha 64, 60 yenye fueli iliyotumika na 4 yenye vipande vya chuma vilivyokatwa kutoka ndani ya kinu, yote yakiwa yamesimama juu ya sakafu ya zege, yakilindwa usiku na mchana, na wajumbe wa jopo bado hukutana kuuliza ukaguzi wa mwisho wa makasha hayo ulionyesha nini.